Tafadhali Usirudishe Kitabu

Kibao alikiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za wino mweusi: TAFADHALI USIRUDISHE KITABU. KIACHE MEZANI. Alipomaliza alikitazama kama mtu anayesoma tanzia ya ndugu aliyemwona jana akiwa mzima. Kisha akapanda kiti, akakibandika ukutani juu ya kibao kingine kilichopauka kwa jua, ambacho pia alikiandika yeye, enzi hizo kiuno chake kikiwa bado chembamba. Kile cha zamani kilisema: RUDISHA ULIPOKITOA.

Kwenye meza ya dirishani mtu akacheka. Alikuwa fundi friji, ambaye karakana yake ilitazamana na maktaba. Kila alipokwama alivuka barabara, akafungua kitabu kilekile kinene cha mitambo ya ubaridi, akasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama, na kurudi kazini.

"Mama Rudisha," akasema, "sasa tukuiteje?"

"Niite utakavyo. Kitabu kiache mezani."

"Mezani?"

"Mezani."

Fundi akakitazama kitabu, akaitazama meza. Mkutubi alipogeuka kushuka kitini alisikia nyayo, na alipogeuka tena meza ilikuwa tupu. Kitabu kilikuwa kwenye rafu, kimenyooka, mgongo wake umelingana na ukingo wa ubao.

"Samahani, mama," fundi akasema akiwa mlangoni, na kwa kweli alionekana ameona haya. "Mkono umekataa."

Jina la Mama Rudisha hakulichagua, ila alilistahili. Alipopewa tawi lile akiwa msichana aliyetoka chuoni, alikuta vitabu vimelala sakafuni kama wagonjwa wa kipindupindu. Alivipanga kwa mada, kila kimoja na ndugu zake, halafu akaanza kazi ngumu zaidi, ya kuwapanga watu. Hakupiga kelele. Alisimama tu nyuma ya msomaji na kusema, "Rudisha," na msomaji akarudisha. Kitabu kisichokuwa mahali pake, alikuwa akisema, ni sawa na kitabu kilichoungua, tofauti ni kwamba kilichoungua hakimsumbui mtu kukitafuta.

Watoto waliojifunza kusoma kwenye meza zake walikua, wakaoa na kuolewa, wakawaleta watoto wao. Mji mzima ukawa na tabia moja ndogo ambayo wenyewe hawakuijua. Muuza rangi wa pembeni alidai anaweza kumtambua mtu wa maktaba kwa jinsi anavyorudisha kopo: analisogeza mpaka lilingane na mwenzake, kisha anageuza nembo itazame mbele. Hospitalini walinyoosha mabenchi. Kwenye misiba walipanga viatu vya wageni mlangoni, jozi kwa jozi, hata machozi hayajakauka.

Mume wake, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa na mzaha wake kwa kila mgeni. "Huyu," angesema akimwonyesha kwa kidole, "hata mimi alinitoa kwa mama yangu akanirudisha mara mbili, kabla hajaridhika mahali pangu ni wapi."

Mambo yalibadilika pale ghorofa ya juu ilipochukuliwa na idara nyingine, na vitabu vyote vikashushwa kugombania nafasi chini. Makao makuu yalimtuma mtaalamu. Alikuwa dada aliyekaribia makamo, viatu bapa, sauti ya upole, mwenye subira ya mtu aliyezoea kuwafundisha wajomba zake simu mpya. Mama Rudisha alijiandaa kumchukia, lakini hakupata pa kuanzia. Dada yule alisalimia vizuri, alivuta kiti baada ya kuruhusiwa, na alijua kazi yake.

"Mama," alimweleza, "kupanga kwa mada kunakula nafasi. Kila mada lazima uiachie pengo ili ikue. Kilimo pengo, sheria pengo, afya pengo. Ukijumlisha, unatunza hewa. Sasa tutaweka kitabu popote kinapoenea, kwa urefu wake tu. Kila kimoja kitabandikwa chipu. Mashine itakumbuka kiko wapi."

"Kwa hiyo mbuzi watakaa na sheria za ndoa."

"Kama wanalingana urefu, ndiyo."

"Na msomaji?"

"Anaandika mbuzi kwenye skrini pale mlangoni, inamwonyesha rafu."

"Na kile kitabu ambacho hajui kwamba anakitaka? Kile anachokiona pembeni ya kingine?"

Mtaalamu alitoa kalamu akaliandika swali lile, jambo lililomfanya Mama Rudisha amheshimu na kuudhika zaidi. Ni vigumu kugombana na mtu anayekusikiliza.

Kisha likaja lililo zito. Vitabu ambavyo haviguswi vingepelekwa ghalani, nje ya mji, na mwenye kuvihitaji angeviagiza akangoja siku kadhaa. Na ikionekana vingi ni vya namna hiyo, meza zingeondolewa. Chumba cha kusomea kingefungwa, kibaki kidirisha kimoja cha kupokelea vitabu vilivyoagizwa, kama cha duka la dawa.

"Utajuaje kimeguswa?" Mama Rudisha akauliza. Vitabu vingi vya chumba kile vilikuwa vya rejea, haviazimwi. Vilisomwa humohumo ndani, wengine wakisoma wamesimama, mkoba begani.

Mtaalamu akamwonyesha kifaa cha kushika mkononi, chenye mpini na uso bapa. Ukikipitisha karibu na kitabu, kinasoma chipu na kulia kidogo. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alikuwa akikiita pasi, maana hakikufanana na kitu kingine.

"Msomaji akimaliza, aache kitabu mezani. Mfanyakazi anapita na pasi. Mashine inahesabu kwamba kimesomwa, halafu unakiweka popote penye nafasi. Ni hilo tu, mama. Wasirudishe."

Ni hilo tu. Mama Rudisha alilirudia neno lile siku nyingi baadaye, akiwa anaosha vyombo, akiwa anafunga kamba za viatu, kama mtu anayerudia matusi aliyotukanwa sokoni na hakupata jibu wakati ule.

Maana kumwambia mtu wa mji ule asirudishe kitabu ilikuwa kama kumwambia asifunge mlango wa choo. Walikisoma kibao, wakatikisa vichwa kukubali, wakasoma walichosoma, wakainuka na kurudisha. Aliwaomba. Aliwakemea. Alisimama kati ya meza na rafu akiwa amenyoosha mikono kama mlinda goli, na wakamzunguka kwa heshima, "Samahani mama, napita tu hapo."

Na hao wa kurudisha walikuwa nafuu. Balaa lilikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee safi, shati limepigwa pasi ya kweli, ambaye hakuweza kuvumilia alichokiona kwenye rafu mpya.

"Mwalimu, umeshika nini?" Mama Rudisha alimbana siku moja kwenye kona.

"Kitabu cha mbuzi."

"Umekitoa wapi?"

"Kilikuwa katikati ya sheria za ndoa, mama. Nimekionea huruma."

"Na unakipeleka wapi?"

"Kwa wenzake."

"Mwalimu, hakina wenzake! Siku hizi kitabu hakina wenzake!"

Alikuwa amepiga kelele. Ndani ya maktaba. Vichwa vyote viliinuka. Mwalimu mkuu alimtazama kwa masikitiko ya mtu anayemwona mwanafunzi wake bora akivuta sigara.

"Hayo maneno," akasema taratibu, "umefundishwa na nani?"

Na hakuwa peke yake. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake alichokihurumia. Akina mama wajawazito walikusanya vya uzazi kimyakimya, seremala alivirudisha vya mbao kwenye rafu yao ya zamani, na taratibu, kama maji yanavyorudi kwenye mkondo wake baada ya watu kuuziba, nusu ya maktaba ilikuwa imerudi katika mpangilio uleule wa zamani bila yeyote kukiri kwamba amegusa kitu. Mashine haikujua. Iliendelea kumwelekeza muuguzi kwenye rafu ya mwisho kutafuta kitabu cha kisukari, na muuguzi akakuta hapo mashairi. Alipolalamika, mashine iliandika kwa herufi nyekundu: HAKIPO.

"Kipo!" Mama Rudisha aliiambia skrini. "Kipo, mpumbavu wewe, kipo nyuma yako!"

Nyumbani alikula kimya. Mume wake alimwacha mpaka chai.

"Wamekufanyaje leo?"

"Wamerudisha."

"Walaaniwe."

"Usinicheke. Wanakifunga chumba kwa mikono yao. Kila kitabu wanachokirudisha ni kama wamekipakia kwenye gari la ghalani. Nimewaambia, nimeandika, nimebandika. Hawasikii! Watu gani hawa hawafundishiki?"

Mzee alipuliza chai yake. "Wanafundishika sana. Ndiyo shida yenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mke wangu."

"Basi usiniambie."

"Sikuambii. Miwani yangu iko wapi?"

"Mahali pake."

"Nilijua," alisema, akainuka kwenda kabatini.

Mtaalamu alirudi kwa ukaguzi asubuhi moja ya mawingu. Alipitisha pasi kwenye rafu ya kwanza, akatazama skrini, akairudia. Kwenye rafu ya tatu alikaa juu ya kigoda na kuvua miwani. Mashine ilisema vitabu vingi havikuwepo, na vilivyokuwepo karibu vyote havijasomwa na mtu tangu vibandikwe chipu. Kwa macho ya makao makuu, pale palikuwa mahali palipofiwa na kuibiwa kwa pamoja.

"Mama, nini kimetokea hapa?"

Mama Rudisha alikuwa amengoja swali hilo. Alitembea naye rafu kwa rafu akimweleza yote, na sauti yake ilizidi kupanda. Alimweleza juu ya mwalimu mkuu na huruma zake. Alimweleza juu ya fundi anayesema mkono umekataa, utadhani mkono una ofisi yake. "Ni ukaidi tu, mwanangu. Watu wazima! Unamwambia mtu usiguse, anagusa. Unamwambia acha, hawezi kuacha. Mimi nashindwa kuelewa, ni ugumu gani kukiacha kitu kilipo, ni—"

"Mama," mtaalamu akamkatiza. "Unafanya nini?"

"Nakueleza."

"Mkono wako unafanya nini?"

Mama Rudisha akatazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitabu cha ufugaji wa nyuki. Hakukumbuka kukitoa. Nyuma yao, kwenye rafu ya uhasibu, palikuwa na pengo jembamba la upana wake. Mbele yao, vitabu vya wadudu vilikuwa vimejipanga safi, na vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimekwisha kuvisogeza kidogo ili mwenzao apate kuingia.

Alisimama hivyo. Nje, fundi alikuwa akigonga chuma. Wapo watu ambao mazoea yao ni kama nguo, wanavaa na kuvua. Wengine mazoea yao ni mifupa. Mama Rudisha alikigeuza kitabu cha nyuki mkononi, akatafuta la kusema, akapata moja tu.

"Nacho nimekionea huruma."

Mtaalamu akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akashika rafu. Mama Rudisha hakuona cha kuchekesha, akamwambia hivyo, na dada yule akazidi. Ghafla akanyamaza. Akaitazama pasi, akalitazama pengo la uhasibu.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Mashine haijali."

"Haijali nini?"

"Haijali kitabu kiko wapi. Haina shida na mbuzi wala wenzake. Inataka kuambiwa tu. Kila jioni mkifunga, pita na pasi rafu zote, hata kama watu wamevuruga. Itajua upya kila kitu kimelala wapi." Alikuwa anazungumza haraka sasa. "Na kitabu ambacho jana kilikuwa hapa na leo kiko pale, mama, hakikutembea chenyewe. Kuna mtu alikishika. Basi kimesomwa! Naweza kuiambia mashine ihesabu hivyo."

Mama Rudisha alilifikiria, akalipenda, kisha uso ukamshuka. "Na aliyekirudisha sawasawa?"

Mtaalamu aliigeuza pasi mkononi.

"Aliyekisoma vizuri, akakirudisha palepale alipokitoa, kama nilivyomfundisha?"

"Huyo," mtaalamu akakiri, "mashine haitamwona."

Makubaliano yalikuwa hayo. Mwisho wa kila msimu, zaidi ya nusu ya vitabu vikionekana vimetembea, chumba kingebaki. Jioni ya kwanza Mama Rudisha alipita na pasi kutoka mlangoni hadi ukutani, ikilia kama kifaranga, na skrini ikatoa hesabu yake. Vilivyohurumiwa na mwalimu mkuu vilionekana vyote. Seremala alionekana. Lakini msimu ulivyoenda, hesabu ilikwama chini kidogo ya nusu, ikakataa kusogea, na Mama Rudisha alijua sababu. Wasomaji wake bora, wale aliojivunia, waliorudisha kwa usahihi wa fundi saa, walikuwa kama mizimu. Walikuja kila siku na hawakuacha alama. Kitabu cha friji, chenye ukurasa mweusi kwa vidole vya miaka, kiliandikwa: HAKIJAGUSWA.

Basi siku moja alipanda tena kile kiti. Chumba kilikuwa kimejaa.

"Jamani," akasema. "Nisikilizeni. Kuanzia leo, rudisheni vibaya."

"Vibaya, mama?" seremala akauliza.

"Vibaya. Ukikitoa hapa, kiweke kule. Popote. Kilichosomwa kihame. Kibao kile nakitoa."

"Na mtu atakipataje kesho?" muuguzi akauliza.

"Aiulize mashine. Si ndiyo kazi yake? Inakula umeme bure pale mlangoni."

Mwalimu mkuu aliinua mkono kama mtoto wa darasani. "Mama, unatutania?"

"Mwalimu, mimi na utani wapi na wapi? Tukiendelea na adabu hii tutasomea barabarani. Rudisheni vibaya!"

Walijaribu. Ilikuwa inatia huruma kutazama. Watu wazima walisimama mbele ya rafu na kitabu mkononi, wakitazama kushoto na kulia kama wezi wapya. Wengine walikiweka mbali hatua chache, wakaondoka, wakarudi mbio kukitoa. Fundi friji alitokwa na jasho. Alikipeleka kitabu chake hadi rafu ya mashairi, akakisogeza kikaingia nusu, akakichomoa.

"Siwezi, mama. Naona kama namwacha mtoto stendi."

"Umekisoma leo?"

"Nimekisoma. Ukurasa wa kompresa."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Basi lete." Alikichukua mkononi mwake. Hakukuwa na uongo hapo, alijiambia, kitabu kilisomwa na kilistahili kuonekana. Alikikandamiza katikati ya mashairi, na kwa kuwa mkono wake nao ulianza kukataa, alikipiga kofi la mgongoni, pa, kikazama. Kisha akageuka haraka, akiwa na hasira na watu wote waliokuwemo, na zaidi na yeye mwenyewe.

Siku za mwisho wa msimu alizipitisha hivyo, akizunguka kati ya meza, akiuliza, "Umemaliza? Lete," na kukihamisha kila alichopewa, akinung'unika kama birika. Mji wake haukujifunza kurudisha vibaya. Ilibidi awarudishie yeye. Mtaalamu alipopiga simu kusema nusu imevukwa na chumba kinabaki, alijibu, "Haya, asante mwanangu," akakata, akavua viatu, akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Miguu ilikuwa inawaka moto.

Hakukaa sana. Fundi friji aliingia akiwa na bisibisi sikioni kama kalamu.

"Mama Rudisha! Kitabu changu kiko wapi?"

"Iulize mashine."

"Nina friji ya mtu imefunguliwa kule, gesi inavuja!"

"Iulize upesi, basi."

Alisimama mbele ya skrini akibonyeza herufi kwa kidole kimoja, akilaumu serikali, umeme na ukoo wa aliyebuni kompyuta. Ikamwambia rafu. Akaenda. Alikipata, akaufungua ukurasa wake mweusi, akasoma, akafunga. Lakini hakuondoka. Jicho lake lilikuwa limeangukia kitabu chembamba cha mashairi kilichokaa kimegusana na chake. Alikitoa. Akasoma shairi moja akiwa amesimama, midomo ikitembea. Akafungua ukurasa mwingine. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akimwita, naye hakusikia.

"Mikono hiyo!" Mama Rudisha akafoka kutoka mezani. "Mafuta yote hayo kwenye karatasi!"

Fundi akashtuka, akajifuta vidole kwenye suruali. Alivishika vitabu vyote viwili, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuruka mtaro. Kisha, kwa upole mkubwa, akavirudisha vyote palepale alipovitoa, akavinyoosha mgongo kwa mgongo mpaka vikalingana na ukingo wa rafu.

"Samahani, mama," akasema mlangoni.

Mama Rudisha alifumba macho. Akahesabu kimoyomoyo mpaka hasira ikapungua kidogo, akavaa viatu, akainuka kwenda kuvihamisha.